Nilienda Sudan Kusini kuhubiri amani, nikaishia kuhesabu ng'ombe

Mwezi uliopita kijana mmoja, shemasi, bado kidogo apate upadre, alikuja kuniaga anatumwa nchi ambayo bado watu wanapigana. Akaniuliza, "Padre, nibebe nini?" Nikamjibu kizembe tu, beba chandarua kizuri na dawa za malaria, akacheka akaondoka. Usiku nikakosa usingizi kabisa maana nilijua jibu la kweli nimelibana. Sasa nimeamua kuliandika lote, yeye atalisoma na wengine wanaotumwa huko, mapadre, masista, hata nyie wa mashirika mnaoenda na mikataba ya miezi sita.

Mimi ni Mtanzania, nilikaa Sudan Kusini toka Oktoba 2012 mpaka katikati ya 2019. Parokia siitaji, ila ilikuwa ndani ya jimbo la Rumbek, huko kwa Wadinka wa mkoa wa Lakes. Nilifika nchi ina mwaka mmoja tu na miezi mitatu, uhuru waliupata 9 Julai 2011, watu bado wana furaha ile ya mtoto mchanga ndani ya nyumba. Jimbo lenyewe lilikuwa halina askofu, Askofu Cesare Mazzolari alianguka akiadhimisha misa Julai 2011 akafariki, na kiti kikakaa wazi karibu miaka kumi. Alikuwepo msimamizi, sawa, lakini ukipatwa na kubwa usiku wa manane unajikuta peke yako na katekista wako.

Huyo katekista ndo shujaa wa hii habari, mtanisamehe jina lake silitaji, yupo kule bado. Mwaka wa kwanza nilijifunza Kidinka kwake vibaya vibaya, watoto wakinicheka, wananiita abuna abuna, ndo wanavyoita padre kule kwa Kiarabu cha Juba.

Vita ilianza usiku wa Jumapili 15 Desemba 2013. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa Jumapili ya tatu ya Majilio, ile ya furaha, asubuhi nimehubiri furaha mpaka jasho linanitoka, usiku Juba, mji mkuu, askari wa kikosi cha kumlinda rais wanaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Julai ile Rais Salva Kiir alikuwa amemwondoa Riek Machar kwenye umakamu wa rais, kila mtu aliona moshi, sisi tukasema utatulia. Haukutulia, ndani ya siku chache ikawa Mdinka na Mnuer, makabila mawili makubwa ya nchi, na ndani ya wiki chache mji wa Bor umetekwa, umekombolewa, umetekwa tena.

Watu wa Bor wakavuka Nile kwa boti na mitumbwi wakaja upande wetu sehemu inaitwa Mingkaman, maelfu kwa maelfu, wamekaa chini ya miti. Januari nikaenda na pikapu ya parokia. Mnajua nilibeba nini? Maboksi mawili ya rozari. Mama mmoja akaipokea, akaitazama, akaniuliza kwa upole kabisa kama nina turubai. Sina. Akanirudishia rozari. Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kama "mtu wa amani" na mpaka leo nikikumbuka uso unawaka.

Sa kuna kitu lazima nieleze, bila hicho hamtaelewa mengine. Ukisikia vita ya wenyewe kwa wenyewe unadhani kuna pande mbili, serikali na waasi, unakaa katikati unawapatanisha. Kwetu mstari wa mbele wa hiyo vita kubwa ulikuwa mbali kidogo. Kilichotufikia ni bunduki, zilikuja nyingi hadi kijana wa miaka kumi na sita anachunga na AK begani, na serikali macho yake yote yako kwenye vita, hakuna polisi wala hakimu wa maana. Basi koo mbili za Wadinka, wote wanasali kanisa moja, wanaoana, wakaanza kumalizana kwa sababu ya ng'ombe na visasi. Kule kijana haoi bila ng'ombe, na mahari yamepanda, kwa hiyo anaiba, akiiba anaua, ukoo wa aliyeuawa unalipiza. Wale vijana walinzi wa mifugo wanaitwa gelweng. Hawa ndo walikuwa vita yetu, ingawa kwenye taarifa za redio huwasikii, unasikia tu Addis Ababa Addis Ababa, kule wakubwa walikokuwa wanafanya mazungumzo.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la huruma, na naomba msome vizuri hapa kwa sababu ndo kosa ambalo mtu mwema analifanya haraka kuliko wote. Machi 2014 usiku waliniletea kijana wa gelweng amepigwa risasi ya paja. Hospitali iko mbali na njia inapita kwenye eneo la ukoo wa pili. Nikampakia. Sikukagua. Chini ya blanketi ndugu zake walikuwa wameweka bunduki yake, maana kule bunduki inanunuliwa kwa ng'ombe, haiachwi nyumbani hivi hivi. Tukasimamishwa njiani, vijana wakafunua blanketi, wakaiona. Hawakutuua. Walimtazama yule majeruhi, wakanitazama mimi, mmoja akasema kitu ambacho katekista alikataa kunitafsiria mpaka baada ya wiki mbili. Alisema, "Kumbe gari la Mungu nalo lina upande."

Kijana alipona. Lakini kwa miezi minne hakuna hata mtu mmoja wa ukoo ule aliyekuja misa, na katekista wa kigango chao alichapwa fimbo akaambiwa akawafuate wenzake. Niliandika barua, niliomba radhi kanisani, haikusaidia chochote. Kilichosaidia ni mzee mmoja aliyeniambia, mbona hujabeba mgonjwa wa kwao? Mwezi wa nane nikabeba mama mjamzito wa upande ule, mvua, gari limekwama kwenye tope usiku mzima, mtoto kazaliwa humo humo kwenye pikapu nimeshika tochi natetemeka. Ndo wakaanza kurudi.

Kuanzia hapo gari letu lilikuwa na utaratibu na hatukuuvunja hata kwa askari mwenye nyota begani: kila mzigo unafunguliwa mbele ya watu, bunduki haipandi, na tukipita eneo la upande wa pili anakaa mbele mtu wa kwao. Na tunatuma habari kabla, abuna anapita kesho na mgonjwa fulani. Wenye haraka wataona hii ni kupoteza muda. Ndiyo, mara mbili mgonjwa alifia mikononi mwetu tukisubiri, nalibeba hilo, sitalipamba.

Kosa la pili lilikuwa na bajeti. Shirika moja likatupa hela tufanye mkutano wa amani, Machi 2015. Tisheti, bango, jenereta, posho za usafiri, mbuzi. Machifu walikuja na zile shela zao nyekundu begani, wakazungumza vizuri mno, wakasaini karatasi, tukapiga picha. Mimi nilijiona nimeshafika. Siku ya tisa vijana wakavamia kambi ya ng'ombe alfajiri, watu saba wakafa, na nilizika wanne kati yao.

Nilikaa nje ya nyumba siku hiyo nimechoka hadi kulia siwezi. Bibi mmoja aliyekuwa anatuletea maji akasimama akaniambia, "Abuna, uliwaita wenye vitambaa vyekundu. Wenye bunduki walikuwa toic." Toic ni yale malisho ya kinamasi karibu na mto ambako vijana na ng'ombe wanahamia wakati wa kiangazi, kuanzia Januari hivi mpaka mvua zirudi. Machi! Nimeitisha mkutano wa amani mwezi ambao wapiganaji wote hawapo nyumbani. Na bibi yule hakuna aliyemwalika pia, wala mwanamke yeyote, ingawa kule nyimbo za wanawake zinaweza kumfanya kijana aliyekataa kulipiza kisasi ashindwe hata kutembea mchana kwa aibu.

Baadaye nikakutana na mzee aliyekuwepo Wunlit mwaka 1999. Kama unaenda kufanya kazi hii na hujasikia Wunlit, isome kabla ya kitu kingine chochote. Wadinka na Wanuer wa magharibi ya Nile walikuwa wanauana miaka ya tisini wakati vita ya kusini na serikali ya Khartoum inaendelea, na baraza la makanisa likawakutanisha Wunlit wakapatana, akachinjwa fahali mweupe, Mabior. Watu wote wanakumbuka yule fahali. Mzee akaniambia hebu acha fahali, uliza kabla ya fahali. Kabla, mwaka 1998, walianza na machifu wachache tu Lokichoggio huko Kenya. Alafu machifu wa Kidinka wakaenda kulala kwa Wanuer, na wa Kinuer wakaja kulala kwa Wadinka, waonekane, wale chakula, warudi wazima. Ndipo mkutano. Mimi nilikuwa nimeanza na mbuzi na tisheti.

Kwa hiyo Januari 2016 nikaenda toic. Bila bango. Mimi, katekista, na kijana wa upande wa pili aliyekuwa mtumishi wa altareni. Nililala kwenye majivu ya samadi pamoja na ng'ombe, moshi wa kinyesi unafukuza mbu, nakunywa maziwa asubuhi na jioni na tumbo likanisumbua wiki nzima. Siku nne za kwanza sikusema neno amani. Nilijifunza rangi za ng'ombe. Wadinka wana jina kwa kila mchanganyiko wa rangi na hayo hayo ndo majina ya watu, Mabior mweupe, Majok mweusi na mweupe, na ukijua rangi unajua ng'ombe wa nani kaibiwa lini. Siku ya tano kijana mmoja mwenyewe akaanza kunihesabia walioibwa kwao. Nikatoa daftari.

Lile daftari ndo likawa kazi yangu kwa miaka mitatu. Upande huu wanadai ng'ombe fulani na fulani, waliokufa hawa, upande ule vile vile. Kule mtu akiuawa kuna fidia ya ng'ombe, wanaiita apuk, wazee walinitajia hesabu ya zamani ng'ombe 31 kwa mtu mmoja. Mwanzoni roho ilikuwa inaniuma, nimesoma teolojia miaka yote hiyo nije kupatana bei ya marehemu? Sasa naona tofauti. Kwa ng'ombe wale ndugu anaoa mke kwa jina la marehemu, azaliwe mtoto wa jina lake. Wanajaribu kumrudisha. Sijui kama maaskofu wangu watapenda nilivyoandika hapo ila ndo nilivyoelewa.

Na hapo hapo kwenye daftari nikafanya kosa la tatu, hili ndo hasa lililoninyima usingizi baada ya yule shemasi kuondoka.

Sisi Waswahili tunasema mjumbe hauawi. Nilikuwa nauamini huo msemo kama Injili. Nilikuwa napita kati ya wazee wa pande mbili nikibeba maneno, na siku moja upande wa kwanza waliniambia kuhusu mauaji fulani, "tutalifikiria." Basi. Mimi nikafika upande wa pili nimeona nyuso za watu, mama wa marehemu kakaa pale, huruma ikanishika nikasema, "wako tayari kuomba radhi." Niliongeza sukari kidogo tu! Yule mama akalia, wazee wakashukuru, wakapanga siku ya kwenda kupokea radhi. Wakaenda. Wakakuta watu wanalima, hakuna anayejua habari ya radhi yoyote. Hebu fikiria aibu hiyo. Njiani kurudi kijana wao mmoja akamchoma mkuki mtu wa kwanza aliyekutana naye. Alikuwa baba wa watoto watano, na alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu.

Hakuna aliyenigusa mimi. Mjumbe kweli hakuuawa.

Niliungama. Nikaenda pia kukiri mbele ya wazee wa pande zote mbili, katekista akasimama pembeni, nikasema neno lile lilikuwa langu si lenu. Mzee mmoja akanyamaza muda mrefu alafu akasema sasa ndo tumeanza kukuamini, kabla tulikuwa tunakuheshimu tu. Nilipe vipi deni la yule mwimbaji? Nililipa ng'ombe. Ndiyo, mimi padre, niliuza vitu vyangu, ndugu zangu nyumbani wakanichangia, nikatoa ng'ombe wawili kwa mjane. Mkuu wangu wa shirika alisema nimeweka mfano mbaya. Labda.

Baada ya hapo nilikuwa nabeba ujumbe na shahidi, katekista na mtu mmoja wa upande unaotuma, na kabla ya kuondoka narudia kila neno mbele yao mpaka waseme ndiyo, hivyo hivyo. Kama wametukana, nauliza niubebe na tusi? Mara nyingi wanacheka, wanaliondoa wenyewe.

Na msiandike makubaliano kwa hela. Hili nalo nimejifunza kwa kuumia. Mwishoni mwa 2015 kabla sijaenda toic tulikuwa na kesi ndogo imeisha vizuri, sehemu ya fidia walipe pauni, kwa awamu. Desemba ile serikali ikaiachia pauni ielee, kutoka karibu 3 kwa dola ikawa zaidi ya 18 kwa siku moja. Ukoo unaodai ukasema tumeibiwa, ukoo unaodaiwa ukasema tumelipa kama tulivyoandika. Wote kweli! Ng'ombe ni ng'ombe hata benki kuu ifanye nini.

Kuhusu fahali wa kuchinjwa mtaniuliza, maana kila padre kijana anauliza. Kule kuna wazee wa kiroho wa Kidinka wanaitwa beny bith, wenye mkuki mtakatifu, na bila wao kiapo hakina uzito, kijana anamwogopa beny bith kuliko mimi na rais. Mwaka 2017 koo zile zilipofika hatua ya kuapa, nilikaa kwenye kiti, sikubariki mkuki wala sikuupinga, walipomaliza nikasimama nikasoma Zaburi na tukasali Baba Yetu kwa Kidinka. Kuna padre mwenzangu alikataa kabisa kuja, namheshimu. Mimi nilikaa.

Ile amani ilishika? Ilishika misimu miwili ya kiangazi, ikavunjika upande mmoja, ikashonwa tena. Huku nchi nzima inaungua, Julai 2016 Juba ililipuka upya na makubaliano ya amani ya 2015 kati ya Kiir na Machar yakafa, Februari 2017 ikatangazwa njaa kali Leer na Mayendit kule kwa Wanuer, si mbali na sisi kwa mwendo wa kinamasi, wakaja akina mama wa Kinuer na watoto wamevimba miguu. Vijana wetu wa gelweng waliwaacha wapite. Hiyo siku nilitaka kuimba Gloria katikati ya Kwaresima.

Gharama yangu sasa, maana mkienda mtalipa na nyie. Malaria niliacha kuhesabu. Mama yangu alifariki Agosti 2016, uwanja wetu wa ndege ni udongo tu na mvua imeujaza maji, ndege haitui, nilifika nyumbani siku ya kumi na moja, kaburi limeshaota majani. Nilirudi na presha. Nilianza kunywa jioni, kidogo, alafu si kidogo, masista ndo walioniambia usoni. Shirika likanipeleka Nairobi miezi mitatu kwa mwanasaikolojia, nilienda nimenuna, ila ningeenda mapema ningeokoa mengi. Hata leo harusini wakipiga fataki nainama chini ya meza na watu wanadhani natafuta kijiko. Panga likizo kila mwaka na uitumie, hata kama unaona bila wewe watauana. Watauana na wewe ukiwepo pia.

Wala usidhani kanzu inazuia risasi. 2021 Christian Carlassare, askofu mteule wa Rumbek hiyo hiyo, alivamiwa nyumbani usiku akapigwa risasi za miguu. Alipona, akarudi, na 2023 Papa Francis alipokuja Juba, askofu huyo alitembea kwa miguu na vijana kutoka Rumbek hadi Juba, kama kilomita 400. Nilikuwa nawatazama kwenye simu nikiwa nyumbani, nikaona nyuso ambazo baba zao wako kwenye daftari langu.

Na Papa, 11 Aprili 2019, pale Vatikano alipopiga magoti akabusu viatu vya Kiir na Machar, nilikuwa bado kule. Tuliisikia redioni. Nilidhani watu wataguswa na nikaanza kuwaeleza kwa hisia, wazee wakasikiliza kwa adabu, alafu mmoja akauliza: "Na wao wakabusu miguu ya nani?" Sikuwa na jibu, na nilishajifunza kutoongeza sukari.

Daftari nililiacha kwa katekista nilipoondoka, mimi nina nakala. Huwa ananipigia mtandao ukiwepo, na wiki iliyopita alipiga. Kuna kesi ya zamani, ng'ombe 14 walikuwa wanadaiwa toka 2016. Akaniambia abuna wamerudishwa, wamefika kumi na tatu, Majok mmoja kafia njiani kwenye maji na wenye mali wamekubali kwamba kafa, hakuibwa. Nikafurahi nikaanza kusema kwa hiyo wamemaliza, wamesameheana. Akanikatiza. "Sijasema hivyo, abuna. Nimesema kumi na tatu."

Nikachukua kalamu nikaandika kumi na tatu.